Mafua Yangu, Pumu ya Mdogo Wangu

Katika nyumba tuliyokulia Tanga tulikuwa wagonjwa wawili, ila aliyehesabiwa ni mmoja. Mdogo wangu alikuwa na pumu. Mimi nilikuwa na mafua. Pumu ilikuwa na heshima yake: ilikuwa na pampu juu ya kabati, ilikuwa na Mama wa kuamka usiku wa manane, ilikuwa na hela ya teksi iliyofungwa kwenye pindo la kanga, ambayo haikuguswa hata sukari ikiisha. Mafua yangu yalikuwa na utani tu. Kila alfajiri nilipiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo, na Bibi akisikia kutoka chumbani kwake husema, "Haya, jogoo wetu keshawika."

Sikuuchukia utani huo. Mafua ni kitu cha kila mtu, yaani hata kuyalalamikia ni aibu. Nani anakwenda hospitali kwa sababu ya kamasi?

Nilipofika miaka 31, usiku mmoja wa masika, niliamka kifua kimebana, pumzi inatoka ikilia kama filimbi mbovu. Sauti ile sikuhitaji kuelezwa. Nimelala nayo chumba kimoja utoto wangu wote, ikitoka kitanda cha pili. Safari hii ilikuwa inatoka kwangu.

Daktari aliyenipokea alikuwa mzee mwenye maneno machache. Nikamweleza habari ya kifua. Akaandika, kisha akauliza, "Na pua je, mwanangu?"

"Daktari, ni kifua."

"Nimesikia kifua. Nauliza pua."

Basi nikamwaga yote: chafya za alfajiri, macho yanayowasha, pua inayoziba upande mmoja halafu mwingine, tangu nikiwa darasa la pili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokuwa amekianzia katikati.

Kwa Kiswahili, vitu viwili vikikaribiana sana tunasema ni pua na mdomo. Alichonieleza mzee yule ni kwamba pua na mapafu nako si mbali. Ule utando laini uliomo ndani ya pua unateremka kooni hadi kwenye mirija ya mapafu. Njia ni moja. Kazi ya pua ni kuipokea hewa kama mwenyeji mwema: inaipasha joto, inaitia unyevu, inaichuja vumbi. Pua ikiziba, hewa inaingia kwa mdomo bila kupokelewa na mtu, kavu na chafu ilivyo, hadi kifuani.

Na si suala la njia peke yake. Mzio, au aleji kama tunavyoiita mtaani, hauheshimu mipaka ya viungo. Chembe za kinga zinazoamshwa na vumbi puani huingia kwenye damu na kusafiri. Watafiti wamewahi kuweka kitu cha kuamsha mzio puani tu, kisha wakakuta dalili za uvimbe kwenye mirija ya mapafu. Wakaweka kwenye mapafu, pua nayo ikajibu. Ndiyo maana watu wengi wenye pumu wana shida ya pua pia, na kati ya wenye mafua ya mzio, inakadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 40 wana pumu. Mafua hayo yanaweza kutangulia kwa miaka, kama yalivyonitangulia mimi.

Hapo nikaikumbuka mito yetu ya sufi. Aliyelelewa pwani anaijua: mizito, inashikana mabonge, inatolewa juani siku moja moja tu. Ndani yake, na ndani ya godoro, huishi vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, jamaa wa mbali wa utitiri wa kuku. Hula magamba ya ngozi yetu na hupenda unyevunyevu, na Tanga haina upungufu wa unyevunyevu. Kinyesi chao ndicho kinachochokoza pua. Mimi na mdogo wangu tulilalia mito iliyojazwa kwenye gunia moja. Vumbi lile lile, likapewa majina mawili.

Kwa kuwa sina njia nyingine ya kuelewa mambo ila kusoma, nikaenda kutafuta nani aliyeandika habari hizi kabla yetu. Nikamkuta John Bostock, daktari wa Kiingereza. Mwaka 1819 aliwasomea madaktari wenzake wa London maelezo ya mgonjwa mmoja ambaye kila mwaka, Juni ikifika, macho humwasha, chafya humwandama, kisha kifua hubana na pumzi ikawa shida. Mgonjwa huyo alimtaja kwa herufi mbili tu, J.B. Alikuwa ni yeye mwenyewe.

Nampenda Bostock kwa ujanja huo wa kujiandika kama mtu mwingine, lakini nampenda zaidi kwa kutokata hadithi katikati. Sababu hakuijua, alilishuku joto la kiangazi, na ilibidi kusubiri hadi 1873, Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alipochapisha kitabu kuonyesha kwamba mkosaji ni chavua ya majani na maua, baada ya kujijaribia mwenyewe. Ila Bostock aliandika alichokipata mwilini kwa mpangilio alioupata: macho, pua, kifua, ugonjwa mmoja. Hospitali zilizokuja baadaye ziliugawa. Pua ikapelekwa kwa daktari wa pua, kifua kwa daktari wa kifua, kila mmoja na mlango wake na foleni yake. Ilikuwa mwaka 1999 ndipo wataalamu walipokutana kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani wakaanza kuandaa mwongozo wa kutazama mafua ya mzio na pumu kwa pamoja. Tangu 1819 hadi 1999 ni miaka 180.

Halafu yuko Marcel Proust, ambaye sisi wasomaji tunamjua kwa riwaya yake ndefu ya juzuu saba. Pumu ilimshika mara ya kwanza mwaka 1881, akiwa na miaka tisa, na haikumwacha hadi alipofariki 1922. Alilala mchana, akaandika usiku. Chumba chake cha Paris alikiwamba magome ya koki, na madirisha akayafunga. Wanaomsimulia hupenda chumba kile. Mimi hunishika habari nyingine: kwamba alipokuwa kijana, madaktari walimchoma ndani ya pua, mara nyingi, wakiamini kuwa neva za puani ndizo zinazoamsha pumu. Baba yake alikuwa daktari mkubwa, na bado mtoto alichomwa. Yaani walishajua kwamba pua na kifua vinaongea. Lugha yake ndiyo hawakuielewa, wakamwadhibu msemaji.

Sisi nyumbani hatukumchoma mtu pua. Sisi tulikuwa na neno moja, mafua, la kila kitu kinachotiririka puani. Mafua ya kuambukizwa hukaa wiki, kumi siku, yakaondoka. Mafua ya mzio hayana homa, yanawasha, yanarudi kila asubuhi na kila ukipigwa mto. Madaktari wana jina lake hilo, mafua ya mzio, ila sijawahi kumsikia mama yeyote uani akilitamka. Ugonjwa usio na jina la uani hutibiwa kwa limau na utani.

Pumu nayo ilikuwa na mzigo wa maneno. Mdogo wangu aliambiwa ukianza pampu hutoki tena. Aliambiwa asinywee kikombe cha mtu, kana kwamba pumu inaambukiza. Akawa anaificha pampu ndani ya soksi akienda kazini, na anaivuta chooni. Ile ya bluu tu, ya kuokoa, kwa sababu inaleta nafuu upesi. Dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe aliiona ya watu waliozidiwa. Kumbe tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima kutegemea ile ya kuokoa peke yake. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu.

Nilimpeleka kwa mzee yule. Swali likawa lilelile: "Na pua je, mwanangu?" Mdogo wangu akacheka. Alikuwa na miaka 28 na hajawahi kulala mdomo umefungwa, wala hajawahi kuulizwa. Pumu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba pua yake haikupata nafasi ya kuonekana, kama vile mafua yangu yalivyokuwa ya kuchekesha kiasi kwamba kifua changu hakikutazamwa.

Alitoka na dawa mbili, ya kupuliza puani na ya kifuani, zote za kila siku. Mito ya sufi tuliigawa kwa moto. Shuka zinafuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Sisemi amepona, pumu haiponi namna hiyo, na masika bado tunayahesabu kwa wasiwasi. Lakini mwezi wa tatu wa dawa alinipigia simu. "Dada, shemeji yako analalamika."

"Analalamika nini?"

"Anasema usiku hanisikii. Anawasha taa kuangalia kama nipo hai."

Nami bado nawika alfajiri, mara mbili, tatu. Mwanangu wa kike ameanza naye, ana miaka sita. Watu wakicheka namwacha acheke nao. Kisha jioni namuuliza amelalaje, na naweka sikio mgongoni kwake.