Chumvi Hainuki

Riwaya yangu ilianza na sentensi niliyoipenda kuliko mchumba: "Harufu ya chumvi ya bahari ilimpiga usoni." Jioni moja nikamsomea mjomba. Tulikuwa tumekaa ukingoni Raskazone. Mjomba amevua tangu hajaota ndevu, lakini sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye ninayemshika mkono mpaka pwani. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema:

"Mjomba, chumvi hainuki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kanuse kopo jikoni, halafu uje uniambie."

Nilinusa, ndugu msomaji. Niliingiza pua kwenye kopo kama mwehu, mama ananitazama tu. Hakuna kitu! Mtu nimezaliwa kwa wavuvi, naandika riwaya ya bahari, na sijui bahari inanuka nini. Na mtihani wa kidato cha nne kemia ilinigaragaza, wala sioni haya kusema.

Mjomba akanifundisha kwanza kwamba harufu ni mbili. Kuna ya ndani, ile ya tope la mikoko maji yakipwa, mayai viza kabisa. Aliyewahi kufika chemchemi ya Galanos, kule Amboni, anaijua. Baadaye nilisoma kwamba ile ni haidrojeni salfaidi. Ndani ya tope hakuna hewa, basi bakteria wanatumia salfeti ya maji ya bahari kama sisi tunavyotumia oksijeni, na gesi hiyo ndiyo pumzi yao.

"Na ya nje?" nikamuuliza.

"Ya nje ni tamu kidogo. Kama mwani. Ukiisikia ujue umeipita miamba."

Hii ya nje ndiyo iliyonikosesha usingizi. Jina lake ni refu, dimethaili salfaidi, ingawa mama huitoa jikoni kila akichemsha kabichi. Baharini inaanzia kwa mimea midogo mno inayoelea, isiyoonekana kwa macho. Mingi kati yake huhifadhi mwilini kemikali inayoisaidia kuihimili chumvi. (Kumbe chumvi imo, ila kwa mbali!) Mimea hiyo ikifa, au ikiliwa na vijidudu, kemikali ile inamwagika, bakteria wanaivunja, na gesi inapatikana. Sehemu kubwa inaishia humo humo majini. Kidogo tu ndicho kinachoponyoka kwenda hewani, na upepo ukiwa mkali, kama kusi ya Julai, kinaponyoka upesi zaidi. Hicho kidogo, kwa bahari zote za dunia, kimekadiriwa kuwa tani kama milioni 28 za salfa kwa mwaka.

Mwingereza James Lovelock ndiye aliyeipima kwa meli kutoka Uingereza hadi bahari ya Antaktika, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaandika kwamba ndiyo inayobeba salfa kutoka baharini kuirudisha nchi kavu. Hewani haikai. Jua likiwaka, gesi inashambuliwa, na kwa siku moja au mbili imeshageuka: sehemu inakuwa dioksidi ya salfa, kisha asidi, kisha chembe ndogo kuliko vumbi. Mvuke nao hauwezi kuwa tone la wingu bila chembe ya kushika.

Mwaka 1987 Lovelock, Charlson, Andreae na Warren wakatoa wazo lililoniruka moyoni: bahari ikipata joto, mimea inatoa gesi zaidi, mawingu yanakuwa meupe zaidi, yanarudisha mwanga wa jua, bahari inapoa. Yaani bahari inajitwangia mwavuli! Siku hiyo hiyo nilimkimbilia mjomba.

Sijawahi kumwona amefurahi vile. Mawingu hayaoni tena, anaona weupe mmoja tu mbele yake. "Kwa hiyo nikisikia harufu," akasema, "ninayasikia mawingu kabla hayajazaliwa." Akawasimulia wazee wenzake barazani. Mimi nikaiandika sura nzima, na ilikuwa tamu, naapa.

Halafu nikaendelea kusoma. Heri nisingesoma. Mwaka 2011 Quinn na Bates waliandika kwamba ushahidi wa miaka zaidi ya 20 hauubebi mwavuli ule. Chembe za juu ya bahari zina asili nyingi, zikiwemo za chumvi inayorushwa na mawimbi na za uchafu wa viumbe, na mawingu hayaitikii gesi ile kwa wepesi uliodhaniwa.

Sura ile nimeichana. Kurasa 14. Lakini kuchana karatasi ni rahisi. Kumwambia mzee kipofu nilikaa nako siku tatu.

Tulikuwa pale pale Raskazone, kusi inavuma. Nikamweleza yote. Akawa anafuta mchanga kwenye goti.

"Lakini mengine yanatokana nayo?"

"Mengine, ndiyo. Kwa sehemu. Ila si haya ya harufu ya leo. Hii mpaka ije igeuke itakuwa imeshapita Usambara."

"Basi yapo ya harufu ya jana, ya kule Pemba." Akanyoosha kidole juu, upande wa kisiwa cha Toten. "Kama lile."

Hapakuwa na wingu. Nikamwambia hivyo hivyo, hapana wingu, mjomba.

Akashusha mkono. "Haya. Tungoje."