Sikio Nalo Lina Hesabu Yake

Napenda leo kuzungumza nawe, msomaji mpenzi, juu ya jambo lililomo karibu katika kila nyumba ya pwani, na ambalo aghalabu halizungumzwi ila kwa ugomvi. Jambo lenyewe ni nyimbo tunazozisikiliza na vyombo vinavyozihifadhi. Wako wanaosema mlango huu ufungwe kabisa, na wako wanaosema uachwe wazi usiku na mchana. Mimi si shekhe wala si mwimbaji. Ni mtu niliyelelewa Mombasa, katika nyumba yenye msahafu juu ya rafu na santuri chini yake, na haya nitakayoyaeleza yametokana na jambo lililotufika sisi watoto wa nyumba ile.

Hapo kale sauti ya mtu haikuwa ikimpita mwenyewe. Akifa, imezikwa pamoja naye. Kisha zikaja sahani za santuri, nyeusi na nzito, zilizotengenezwa kwa lakiri ya Bara Hindi na unga wa mawe, zikizunguka mara 78 kwa dakika chini ya sindano ya chuma. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, mtoto wa watu maskini aliyewahi kutembeza vyungu mjini, alivuka bahari kwenda Bombay yeye na wapigaji wake, akaimba mbele ya kinasa sauti cha kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa sahani zile ulichukua muda wa dakika tatu hivi, kwa hivyo shairi ambalo kwenye harusi lingerudiwa na kupambwa mpaka watu washibe, lilibidi likatwe likae katika kipimo hicho. Bibi huyo alifariki mwaka 1950. Lakini hata leo, ukiipata sahani yake na ukaiwekea sindano, anaimba. Hili si jambo dogo, ndugu yangu. Aliyekufa anasema nasi, nasi hatuwezi kumjibu.

Marehemu Baba aliacha sanduku la chai lililojaa sauti za namna hiyo. Zilikuwamo sahani za Siti, na sahani kubwa za Umm Kulthum wa Misri, na nyimbo za filamu za Kihindi za Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar, na sahani ndogo zenye jina la Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand hapa hapa Mombasa, na mbili tatu za Franco wa Kongo. Chini kabisa zilikuwamo kanda: nyingine za Qur'ani kwa sauti ya Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad, na nyingine hazikuandikwa kitu.

Nataka nieleze namna Baba alivyokuwa akisikiliza, kwani ndiyo asili ya maneno yangu. Hakuwa mtu wa kuacha wimbo ukipita kama maji ya mfereji. Jioni walikaa barazani yeye na majirani wake, kahawa ikizunguka, wimbo ukapigwa mpaka mwisho bila mtu kusema neno. Kisha Baba huinua sindano na kuuliza, "Haya, kasema nini?" Hapo ndipo kazi huanza. Huyu huleta maana yake, yule humkatalia, wa tatu hutaka ubeti urudiwe. Ikiwa ni Juma Bhalo anaimba, Baba alitafuta ile sahani ya Kihindi ambayo sauti yake ilichukuliwa, akazipiga zote mbili, na watu wakapima: je, mashairi ya Kiswahili yameingia katika mahadhi ya Kihindi kama mguu katika kiatu chake, au yamebanwa? Aliyewapa watu wa Mvita mashairi mengi ya kupimwa namna hiyo ni Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971, na Baba alikuwa na nakala yake iliyochakaa kwa kufunguliwa.

Ikiwa ni Umm Kulthum, alitwambia sisi watoto tusikilize herufi. Bibi yule alikuwa binti wa imamu wa kijijini, akafundishwa Qur'ani utotoni kabla ya kujulikana kwa kuimba, na kwa hivyo kila herufi aliitoa mahali pake. Alipoimba Enta Omri mwaka 1964, wimbo uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab, hata asiyejua Kiarabu aliweza kuyahesabu maneno moja moja. Hata Franco alikuwa na fungu lake la heshima. Jirani mmoja akisema zile ni kelele za magitaa tu, Baba humjibu, "Sikiliza vizuri, yakhe. Hili linauliza, lile linajibu. Wewe nyumbani kwako mnajibizana hivyo?" Watu wakacheka, na mwenye kulaumu akabaki kusikiliza.

Basi Baba alipofariki, na arubaini ilipokwisha, tulikaa kugawa alichoacha. Mama alikwisha kututangulia. Tulikuwa watatu: kaka yangu mkubwa, dada yangu, na mimi kitinda mimba. Kwa sheria yetu mali ilikuwa mafungu matano, mawili ya kila mwanamume na moja la mwanamke, na kila kitu kiligawika kwa amani mpaka tulipofika kwenye lile sanduku.

Kaka alisema livunjwe. Usidhani, msomaji, kwamba alisema kwa ukali au kwa kujionyesha. Alisema huku machozi yanamlengalenga: "Baba yuko peke yake kaburini. Sahani hizi zikiendelea kupigwa, na kama ni dhambi, je, haitamfikia huko aliko? Mimi namwonea huruma baba yangu." Dada akamjibu: "Nami nikizivunja, Kaka, nitamjua wapi tena? Kila sahani humo najua alisema nini juu yake." Wakati huo huo alikuja mfanyabiashara mmoja na habari ya mnunuzi wa Ulaya aliyekuwa akikusanya sahani za zamani, na bei aliyoitaja ingetosha kutengeneza paa la nyumba, lililokuwa likivuja kila masika. Rai zikawa tatu: kuvunja, kuweka, na kuuza. Mwezi mzima Kaka hakuja kula Ijumaa nyumbani kwa Dada, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Dada alipoolewa.

Tukaenda kwa shekhe wetu. Hakutuficha kuwa wanazuoni wamekhitalifiana katika mlango huu tangu zamani. Alitukumbusha ile hadithi mashuhuri ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume akamwambia awaache. Akatwambia kuwa Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, hakuziona kuwa sahihi hadithi zinazotajwa katika kuharimisha, na kwamba walio wengi katika wanazuoni hawakumkubalia. Kisha akaja kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya ameweka mlango mzima juu ya adabu za kusikiliza. Imamu huyo hakusema nyimbo zote ni haramu wala zote ni halali. Alitaka itazamwe nani anaimba, na kwa chombo gani, na maneno yenyewe ni ya namna gani, na aliyesikiliza yana athari gani katika moyo wake, na je, amefanya mchezo huo kuwa ndiyo kazi ya umri wake? Kaka akasema, "Lakini, Shekhe, huyo huyo Ghazali amezikataza nyuzi na zumari." Shekhe akasema, "Kweli, amezikataza, na wewe una haki ya kumfuata. Lakini nakuulizeni nyote watatu: mmesikiliza yaliyomo sandukuni? Yeye hakuhukumu kwa sanduku."

Kwa hakika hapana hata mmoja wetu aliyekijua kila kilichokuwamo. Tukakubaliana kukaa usiku tatu baada ya Isha, nyumbani kwa Dada, tuchambue kimoja kimoja. Kaka alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi, kama kadhi. Nyimbo zilizokuwa na maneno machafu, au za kumvua mtu nguo mbele ya watu, tuliziweka upande wake, na Dada hakuzitetea. Zilikuwa chache. Ulipofika wimbo wa Siti uitwao Kijiti, juu ya mtu aliyemuua mwanamke mgeni mjini Unguja kisha akatoroka, Kaka aliuliza kisa chake. Nikamweleza nilivyomsikia Baba akieleza. Akasema, "Huu ni ushahidi, si upuuzi." Akarudi kwenye tasbihi yake.

Usiku wa tatu tulifikia kanda zisizoandikwa. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilianza kwa mlio wa vikombe, kisha sauti za wazee, na tukajua kuwa ni baraza ya nyumbani. Mtu fulani alikuwa ameiacha tepu ikinasa wakati wimbo unajadiliwa. Baba alisikika akishindana na jirani juu ya neno moja katika ubeti, huyu akisema ni jina la ua, huyu akisema ni fumbo la mtu, na kila mmoja akileta ushahidi wake. Walipokuwa katikati ya maneno, ukasikika kwa mbali mwadhini wa Magharibi. Baba hakumaliza hoja yake. Alisema tu, "Zima, zima," na hapo kanda ikakatika.

Hapana aliyesema kitu. Baada ya kitambo Kaka akasema, "Irudishe." Tukairudisha mara nne.

Usitarajie, msomaji, nikwambie kuwa kaka yangu aligeuza rai yake usiku ule. La. Mpaka leo anaamini kuwa nyuzi zimekatazwa, naye anafuata alichosoma. Lakini khofu aliyokuwa nayo juu ya Baba ilipungua, kwa kuwa alimsikia kwa sikio lake mwenyewe akimjibu mwadhini. Alichukua kanda zote za Qur'ani na nakala ya kanda ile ya baraza. Dada alizichukua sahani katika fungu lake, zikakadiriwa bei, na akaacha vyombo vingine vya nyumba kwa ajili yake. Zile chache zenye maneno machafu zilivunjwa. Mnunuzi wa Ulaya aliambiwa hapana, na paa lilingoja mwaka mmoja zaidi. Sharti likawekwa kuwa sahani hazipigwi Kaka akiwa nyumbani, naye hatii mguu kuuliza zimepigwa lini. Ijumaa ya pili alikuja kula.

Sasa nije kwa vijana wetu, kwani hao hawana sanduku. Simu moja ya mkononi imebeba zaidi ya masanduku elfu ya Baba: Cairo, Bombay, Kinshasa, Marekani, zote zimo. Mimi siilaumu simu. Chombo ni chombo, kama ilivyokuwa kinasa sauti. Mwaka 1961 kinasa sauti hicho hicho kilimbeba Sheikh Mahmoud Khalil Al-Husary akisoma Qur'ani nzima, ikasikika katika nchi ambazo yeye mwenyewe hakuzikanyaga. Ninalolihofia ni kusikiliza peke yake. Kijana huziba masikio kwa vile viwaya, akaingiza moyoni mwake maneno ya kutwa nzima, na hapana mzee wa kuinua sindano na kumuuliza, "Kasema nini?" Mtoto anaweza kuimba matusi ya lugha asiyoijua, na mama yake akamsifu kwa sauti nzuri. Adhana inaadhiniwa barabarani, naye haisikii.

Kwa hivyo nawausia wazazi wenzangu. Ukiona katika nyumba yako mlango huu ufungwe, ufunge kwa elimu na kwa upole, na usimkate ndugu yako kwa jambo ambalo wanazuoni wakubwa wamekhitalifiana huku wakisaliana nyuma. Na ukiona uachwe wazi, basi kaa mlangoni mwenyewe. Keti na watoto wako, msikilize pamoja, uwaulize maana, uwafundishe kupima neno zuri na neno baya, uwaonyeshe kwa kitendo kuwa wakati wa sala chombo huzimwa bila kungoja wimbo uishe. Tumefundishwa kuwa siku ya hesabu sikio halitaachwa, nalo litaulizwa kama jicho na moyo. Na mzazi naye ataulizwa juu ya masikio ya wale aliopewa kuwachunga.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, azisamehe sauti zao na zetu, na atujaalie kuwa katika wale wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.