Picha Niliyoifuta

Agosti iliyopita, wakati wa likizo ndefu, niliondoka Sumbawanga na kamera niliyoazima kwa mshikaji wa hosteli. Kipupwe kilikuwa kinaishia, lakini kwetu Ufipa saa kumi na mbili asubuhi stendi nzima bado ilikuwa ndani ya makoti. Basi la Mpanda likapita Chala, likateremka hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 za pori, na makoti yakaanza kuvuliwa.

Nilishuka Sitalike, kijiji cha pembeni mwa hifadhi, Mto Katuma unapopita. Kiangazi kikikolea maji hupungua, na viboko hubanana kwenye tope kama sisi kwenye foleni ya kusaini bumu. Niliona migongo tu. Nilipiga picha hamsini, zote kama mawe ya kahawia.

Dogo mmoja akaniuliza, "Bro, unataka afungue mdomo?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nikainua kamera. Jiwe likaruka.

Dume mmoja akanyanyuka, akaachama. Nikabonyeza. Moyoni nikasema, hii ndiyo yenyewe.

Mzee aliyekuwa anakokota baiskeli akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unadhani amepiga mwayo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Anakufukuza huyo. Wewe una pa kwenda. Yeye ana hilo tope tu, akitoka mchana jua linamchoma ngozi."

Chuo kilipofunguliwa, mhariri wa jarida hili aliiona picha ile akaitaka kwa jalada. Kwa mtu kama mimi, ambaye chuoni hata darasani sijulikani jina, jalada si jambo dogo. Nikaomba siku mbili za kufikiria. Kila nikiifungua nilikuwa naliona jiwe, ingawa halipo kwenye picha. Dogo ndiye aliyerusha, lakini aliyekuwa anasubiri ni mimi.

Nikaifuta, nikamweleza mhariri sababu. Akaniambia, basi andika hiyo sababu.

Nimempa moja ya zile hamsini. Ni migongo tu, lakini ukiitazama vizuri kuna sikio moja limesimama, linasikiliza. Ukipita Sitalike, kaa mbali na ukingo, tulia hata nusu saa. Akitaka, atanyanyuka mwenyewe. Asipotaka, piga picha ya mgongo uende zako.