Bariyeri na Mwendo: Kazi ya Dereva wa Kiambi

Bariyeri ya barabarani ni mti uliolazwa juu ya panda mbili, ncha moja imefungiwa jiwe zito, nyingine kamba. Kamba ikilegezwa, jiwe huuinua mti na gari hupita. Kwa mwandishi wa tawasifu hii, dereva wa lori kati ya Kiambi na Manono, sheria ya barabara ilijulikana kwa mti huo. Kibao cha kasi hakikuonekana.

Kiambi iko kando ya mto Luvua, unaotoka ziwa Mweru penye Pweto na kuingia Lualaba huko Ankoro. Mvua zikianza, barabara hugeuka matope. Lori hutambaa kwa gea ya kwanza, msaidizi akitangulia kwa miguu kupima kina cha maji kwa fimbo. Hapo hakuna awezaye kuvunja kikomo cha mwendo. Dereva husimamishwa na askari wa bariyeri hata hivyo.

"Papa shofa, karatasi."

"Hizi hapa, shefu."

Permi ya udereva, kadi ya gari, bima, cheti cha ukaguzi: zote hutolewa katika mfuko wa nailoni uliokwisha kufifia kwa jasho. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na bima ya gari ni lazima tangu 1973. Ni haki, na dereva huyu hakuzipinga kamwe. Kilichomuuma ni kidole kilichotembea juu ya mihuri kikitafuta kosa, na kosa lilipokosekana, kikaenda kugonga taa. Safari moja lori lilibeba mtoto mwenye homa kali akipelekwa Manono. Saa nzima ilipotea kwa ajili ya bima ambayo muda wake ulikuwa haujaisha, mama akimpepea mtoto kwa kitenge juu ya magunia ya mihogo.

Mwendo wenyewe haukulindwa. Wakati wa kiangazi, katapila likishapita kusawazisha barabara, malori na pikipiki hukata soko mbio na watoto wa shule huvuka ndani ya vumbi. Hapo ndipo askari alipohitajika. Dereva huyu alijiwekea kikomo chake: gea ya pili toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, honi mbili penye kona ya shule. Wenzake walimpita wakimzomea. Msaidizi wake alijifunza hivyo hivyo, na sasa ndiye ashikaye usukani wa lori lile.