Maji Yasiyoiona Bahari

Aliyekulia pwani hudhani ya kwamba kila mto una bahari yake. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, dhana hiyo yavunjika mahali paitwapo La Raya, nchini Peru, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Tulifika hapo mwezi wa Juni kutoka mji wa Cusco, tukilifuata bonde la mto Vilcanota na mashamba yake ya mahindi yaliyokwisha vunwa, hata mashamba yakakoma, pakabaki majani makavu na makundi ya alpaka. Maji ya upande wa kaskazini huishia Amazon, kisha Atlantiki. Ya upande wa kusini hushuka ziwa Titicaca, wala hayaioni bahari kamwe.

Sisi tuliyafuata haya ya kusini.

Titicaca liko mita 3,812 juu. Hewa huko imepungua kwa kadiri ya thuluthi, hata ngazi za nyumba ya wageni mjini Puno zilitukalisha kitako katikati. Wenyeji hawaketi. Tuliwaona wakitandaza viazi nje vigande kwa baridi ya usiku. Kisha huvikanyaga kwa miguu kuvitoa maji, wakavianika juani. Huviita chuño, navyo hukaa miaka bila kuoza. Tulivionja, ladha yake yataka mazoea.

Maji mengi ya Titicaca huchukuliwa na jua. Kidogo kinachosalia hutoka kwa mto mmoja tu, Desaguadero, kuelekea ziwa Poopó nchini Bolivia. Ramani yetu ilionyesha buluu pana. Macho yetu yaliona chumvi, na mashua zimelala juu ya nchi kavu. Ziwa hilo, lililokuwa la pili kwa ukubwa nchini humo, lilitangazwa kuwa limekauka mwaka 2015. Kina chake kilikuwa kifupi mno. Ukame, joto, na mito kugeuzwa kwenda mashambani na migodini vilitosha kulimaliza. Mvua kubwa hurudisha maji kidogo, nayo hayakai.

Watu wa Uru, walioishi tangu jadi kwa samaki na ndege wa ziwa hilo, wengi wametawanyika kutafuta kazi, baadhi yao katika migodi, hiyo hiyo iliyoshiriki kuyanywa maji yao. Tulimwuliza mzee mmoja kwa nini hakuipasua mashua yake ikawa kuni, maana kuni huko ni adimu. Akatujibu kwa upole ya kwamba katika miaka ya 1990 aliliona ziwa likikauka, kisha likarudi. Akainama, akatuonyesha ufa alioutia lami mwezi uliopita.