Nilihukumu Kabla ya Kuuliza



Leo sikuletei mas-ala niliyoulizwa na watu. Nakuletea kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu anayewaonya wenziwe kila Ijumaa asitaje lake hata siku moja, maneno yake huishia masikioni.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban mwaka 1440, ambao kwa tarehe ya kizungu ni Aprili 2019. Baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi barazani na wazee wenzangu, na mjukuu wangu, kijana wa miaka 16, yuko pembeni ameinamia simu. Nikachungulia, nikaona picha ya moto unaorushwa. Nikamuuliza, "Wafanya nini hapo?" Akanijibu kwa adabu, "Nachagua karata za mchawi, Babu."

Sikungoja neno la pili. Nilimwambia mbele ya wote kuwa karata ni kamari, na uchawi ni katika madhambi yenye kuangamiza, na yeye amevikusanya vyote viwili katika kiganja kimoja na Ramadhani i mlangoni. Wazee wakatikisa vichwa. Kijana akazima simu, akaaga, akaenda zake.

Kwa siku kumi na mbili hakuhudhuria darsa yangu. Msikitini alikuja, akasali safu ya nyuma na kutoka kabla sijageuka. Nyumbani aliubusu mkono wangu kama ada, lakini macho yake yako chini. Bibi yake akaniuliza swali moja tu: "Huo mchezo, ulimuuliza wachezwaje?" Nikanyamaza. Nimesomesha fiqhi zaidi ya miaka 30, na siku ya kwanza huwaambia wanafunzi kuwa haifai kukitolea hukumu kitu usichoijua sura yake. Na mimi nimehukumu kwa kuchungulia.

Basi nikamwita chumbani, nikamwambia, "Nifundishe." Alidhani ni mtego. Nilipovaa miwani na kukaa karibu naye ndipo alipoamini.

Mchezo wenyewe waitwa Hearthstone, na ulitolewa mwaka 2014 na kampuni ya Marekani, Blizzard Entertainment. Karata zake si za kopa na shupaza tunazozijua. Kila karata ina kazi yake, nyingi ni za askari au za mapigo, na kila moja ina bei yake. Zamu ya kwanza mchezaji ana uwezo wa kulipa 1 tu, zamu ya pili 2, na hivyo hivyo mpaka 10. Kila upande una uhai wa 30, na atakayeumaliza wa mwenziwe ndiye mshindi. Wakati huo yalikuwako makundi 9 ya wapiganaji, kila kundi na karata zake, na alilolichukua mjukuu wangu ni la mchawi wa moto na barafu.

Iko namna ya kucheza iitwayo Arena, yaani uwanja wa mapambano, ambamo mtu haji na karata alizojiwekea. Huonyeshwa karata 3, akatwaa moja na mbili zikampita. Huonyeshwa 3 nyingine, akatwaa moja. Na hivyo, siku zile, mara 30. Kisha, kwa kanuni za siku zile, alipigana kwa fungu hilo hilo mpaka ashinde mara 12 au ashindwe mara 3.

Akaniachia nichague mimi. Nikatwaa majitu. Kila palipokuwa na karata yenye nguvu nyingi, hiyo ndiyo yangu. Yeye hakusema kitu. Tulipoingia vitani nikaona mkono wangu umejaa majitu ya bei 7 na 8 na 9, na mimi nina uwezo wa kulipa 2. Adui akapanga askari wake wadogo wadogo, akanila polepole. Tukashindwa mara 3 mfululizo, na uwanja ukafungwa.

"Babu," akaniambia, "kila karata uliyotwaa ni nzuri, lakini fungu lako ni baya."

Kisha akanieleza njia yake. Kwanza hutazama bei, apate karata za kutosha za 2 na 3 asije akakaa bure zamu za mwanzo. Pili hutazama kundi lenyewe. Mchawi ana uwezo wa asili wa kulipa 2 akapunguza uhai 1 popote apendapo. Basi karata imfaayo ni ile inayomwachia kidogo tu cha kumalizia. Tatu huweka pigo la kugeuza vita. Karata iitwayo Flamestrike wakati huo ilikuwa ya bei 7, ikiwapiga askari wote wa adui 4 kwa pamoja. Lakini mbili humtosha, kwani ya tatu hubaki mkononi kama mzigo. Ile iitwayo Fireball, ya bei 4 na pigo la 6, alikuwa haiachi ikitokea, kwa sababu humuua askari mkubwa, au humaliza vita adui akiwa amebakiwa na uhai mchache.

Nikiwa namsikiliza nikakumbuka maneno ya maulamaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Katika kitabu cha Tuhfa, Ibn Hajar al-Haytami aeleza kuwa mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra hulinganishwa na sataranji, na ule ambao tegemeo lake ni kubahatisha huharimishwa. Na sataranji kwetu ni makuruhu, ila ikiingia mali ya kushindania, au ikampotezea mtu sala, hapo huwa haramu. Sikatai kuwa bahati imo katika zile karata 3 zinazojitokeza. Lakini kijana huyu alikuwa akihesabu, na kuhesabu kwake kulikuwa kuzuri kuliko kwangu.

Na huo uchawi? Ni picha na jina. Nilimwambia asilizoee jina hilo mpaka akaona uchawi ni mzaha. Lakini nasema na wazee pia: tunaipigia kelele picha ya moto ndani ya simu, na mwenzetu akiibiwa huenda usiku kwa mpiga ramli, na twamjua, na twanyamaza.

Baadaye nikamuuliza juu ya mlango wa huo uwanja. Akasema huingiwa kwa dhahabu ya mchezo, 150, na zawadi hutolewa kwa kadiri ya ushindi. "Na hiyo dhahabu waipata wapi?" Akasema huipata kwa kucheza. "Na pesa za kweli haziingii?" Kijana akainama. Akanieleza kuwa zipo pakiti za karata zilizofumbwa, kila moja na karata 5, na mnunuzi hajui atapata zipi mpaka amekwisha kulipa. Pesa za Idi nilizompa kwa mkono wangu alizinunulia pakiti hizo, akiitaka karata moja, na haikutoka. "Nikaona nikinunua moja tu nyingine, itatoka."

Ndugu msomaji, "moja tu nyingine" ni neno la mcheza kamari. Hapa hapana hesabu tena wala fikra. Hapa pana mali yatoka mfukoni na macho yangojea bahati. Wala si masheikh peke yao wanaoliona jambo hili. Mwezi wa Aprili 2018 wakuu wa serikali ya Ubelgiji walitangaza kuwa visanduku vya bahati vya namna hiyo katika michezo mitatu waliyoichunguza vyavunja sheria yao ya kamari. Sisi tunayo aya ya 90 ya Suratul Maida, nayo yatutosha.

Kwa hivyo nikampa hukumu mara ya pili, safari hii kwa sauti ya chini. Kuchagua karata na kuzihesabu, kwa wakati mchache na sala isiguswe, simwiti mtenda haramu. Kununua kilichofumbwa kwa pesa, aache na atubu. Akasema, "Nimeacha, Babu." Hakuacha kwa zile kelele zangu za barazani, kwani siku ile hata jambo lenyewe sikulijua.

Usiku wa kuamkia Ramadhani nikamwita barazani mbele ya wazee wale wale, nikamwomba radhi. Mmoja akanong'ona, "Sheikh, wamwomba mtoto radhi?" Nikamwambia, "Nilimtuhumu mbele yenu, basi nimsafishe mbele yenu." Kesho yake kijana alirudi darsani, akakaa mahali pake.

Usiku ule wa kwanza ulimi wangu ulikuwa kama fungu langu la karata, majitu matupu: haramu, uchawi, kuangamia. Sikuwa na hata neno moja la bei ndogo: "Wachezwaje huo, mwanangu?" Na lau ningelitanguliza hilo, zile pesa za Idi ningelizijua siku ile ile. Wewe mwenye mtoto na simu nyumbani mwako, keti naye kwanza akuonyeshe. Kisha uliza pesa zapita wapi.

Mola atusamehe haraka zetu, na atuhifadhie vizazi vyetu. Amin. Wabillahi tawfiq.