Barua kwa mwipwa wangu anayeshuka Baraka kununua moteri

Kasongo

Mwipwa wangu Ramazani,

Ujumbe wako niliupata kwa yule kijana wa pikipiki: unataka kutoka Kabambare ushuke Baraka kutafuta moteri ya okazio, ya nguvu za farasi 40, uifunge kwenye mtumbwi pale Nyangwe, ubebe watu na mizigo hadi Kibombo. Kazi nimeipenda. Hiyo 40 ndiyo sikuipenda.

Mtumbwi wa gogo uliojaa magunia ya mpunga haupai juu ya maji kama boti nyepesi. Hata ukiongeza nguvu, unasukuma maji tu na kuchoma pesa. Moteri ya 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa yote hula lita 15 za esansi na zaidi kwa saa moja. Ya 15 haifiki nusu yake. Esansi ya Kasongo unajua inatoka wapi na inapita barabara gani kabla ya kufika kwenye chupa za sokoni. Abiria wako atalipa kichwa na mzigo, mwendo hakulipi. Tafuta ya 15. Ukipata ya 25 iliyotunzwa, kwa mtumbwi mkubwa, sitakugombeza.

Tena uchukue ya mipigo miwili. Ya mipigo minne inakula kidogo na haina moshi, ni kweli, lakini ikikushinda katikati ya Nyangwe na Kibombo nani ataifungua? Yamaha Enduro utaikuta kwa wavuvi wengi wa Tanganyika, na penye moteri nyingi za aina moja ndipo penye vipuri na mafundi wake. Moteri ya jina geni, hata kama ni nusu bei, mwachie mwenyewe.

Kabla hujaondoka, mtume mtu Nyangwe apime ubao wa nyuma ya mtumbwi, kutoka juu hadi chini. Moteri zina mguu mfupi, wa ubao wa sentimita 38 hivi, na mguu mrefu, wa 51. Lile bamba lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawasawa na tumbo la chombo au chini yake kidogo. Mguu ukizidi utalima mchanga kiangazi kizima; ukipungua, propela itavuta hewa, moteri itapiga kelele na mtumbwi hautakwenda.

Sasa Baraka. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta moteri imepoa. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujaja ili isikuonyeshe uvivu wake wa asubuhi, rudi kesho. Usihangaike na rangi ya kifuniko, rangi inanunuliwa dukani. Kiinue kifuniko utazame vichwa vya skrubu: vilivyoliwa pembe maana yake imefunguliwa mara nyingi na mikono isiyo na ufunguo sahihi. Tazama kama rangi ya silinda imebabuka, hiyo ni moteri iliyowahi kuungua. Chungulia na unga mweupe kwenye chuma. Moteri iliyofanya kazi baharini chumvi inaitafuna kwa ndani. Ya ziwani haina shida hiyo.

Vuta kamba polepole. Mkono wako unatakiwa usikie kizuizi, kinaachia, kinakuja tena. Ikienda laini tu kama hakuna kitu, pistoni au ringi zake zimekwisha. Fungua buji zote mbili uzilinganishe: zinatakiwa zifanane, rangi ya kahawia. Moja ikiwa imelowa na nyeusi na nyingine kavu, silinda moja haifanyi kazi. Fundi mwenye kipimo cha kompresio umlipe apime, ni pesa ndogo. Namba yenyewe isikusumbue, tazama tofauti: silinda moja ikipungua kuliko nyingine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, ondoka.

Halafu ile skrubu ya chini kabisa, kwenye sanduku la gia. Ilegeze kidogo tone la oili litoke kidoleni. Likiwa jeusi, sawa, imechoka, utabadilisha. Likiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gia zinakufa ukiwa umesimama hapo. Muuzaji atakuambia ni sili tu. Kama ni sili tu, mbona hajaibadilisha?

Mwisho iwashwe ndani ya pipa la maji, au ziwani. Pakavu kamwe, maana lile gurudumu la mpira la pampu ya maji huungua mara moja. Angalia tundu la nyuma liteme maji kwa nguvu, uiache iungurume robo saa, uingize gia ya mbele na ya nyuma. Hapo ndipo uzungumze bei. Na namba ya moteri iandikwe kwenye fakture. Ikiwa imekwanguliwa usinunue, kwani kila bariyeri kutoka huko hadi Lulimba, hadi kwako, watakuuliza ni ya nani.

Kuisafirisha, mwaga esansi yote kwanza, iachie maji yatoke ikiwa wima, kisha uilaze kichwa kikiwa juu kuliko mguu. Ukigeuza, maji yaliyobaki yanarudi kwenye silinda.

Oili nunua ile ya moteri za majini, yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki iliyojaa Kasongo ni ya mipigo minne, isiingie kwenye esansi hata siku moja. Kwa lita 20 weka mililita 400, upime kwa chupa yenye alama. Mafundi wa kukadiria kwa kizibo wameua moteri nyingi mtoni humu. Esansi yenyewe ilaze usiku mzima kwenye chupa nyeupe. Maji yatakaa chini utayaona.

Adui wako mkubwa lakini ni mchanga wa Lualaba. Unapita kwenye pampu kila siku na kuusaga ule mpira. Ukiona tundu linatema maji kidogo, zibua kwa waya; likizidi kulegea, badilisha mpira kabla hujabeba abiria tena. Mto wetu unapitika hadi Kibombo, na chini yake ni maporomoko mpaka Kindu, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli. Mtumbwi uliozimika moteri mkondo hauuulizi unashukia wapi. Kwa hiyo kasia mbili na nanga ziwe ndani daima.

Ukiwa Baraka ninunulie mipira miwili ya pampu ya moteri hiyo hiyo, buji nne, propela moja hata kama imetumika, na pini zake. Zitoe kwenye bei ya moteri, usiziache kwa safari nyingine. Nipigie ukishaona lile tone la oili, kabla hujatoa dola.

Mjomba wako